Uwanja wa Majogoo

Talwrn, kwa lugha ya Wales, ni uwanja wa kupiganishia majogoo. Tangu mwaka 1979 neno hilo limekuwa jina la kipindi cha redio, Talwrn y Beirdd, yaani uwanja wa majogoo wa washairi, kinachorushwa na BBC Radio Cymru. Timu mbili, washairi wanne upande huu na wanne upande ule, hukutana jioni katika ukumbi wa kijiji, katika skuli au katika chumba cha nyuma cha baa, mbele ya majirani waliokuja kuwasikiliza. Kila timu imekwisha kupewa mada na bahari za kutungia kabla ya siku yenyewe, isipokuwa mstari mmoja ambao sharti utungwe pale pale, shughuli ikiendelea. Hakimu husikiliza, hutoa alama zisizozidi kumi, kisha hueleza hadharani kwa nini shairi hili limepata nane na nusu wala halikupata tisa. Na hapo ndipo penye utamu wote.

Mtu wa mwambao hahitaji kufunzwa raha ya jambo hilo. Aliyepata kuona fumbo likitupwa mtaani kwa shairi, na jawabu likarudi kwa bahari ile ile na vina vile vile, atajiona yuko kwao. Lakini kipindi hiki kina upande mwengine unaostahiki kutazamwa kwa makini zaidi ya raha yake. Kinarushwa kwa lugha ambayo, kwa sensa ya mwaka 2021, ilisemwa na watu 538,300 tu nchini Wales, ambao ni asilimia 17.8 ya wakaazi wa nchi hiyo wenye umri wa miaka mitatu na zaidi. Idadi hiyo ni karibu sawa na ya wakaazi wa kisiwa cha Pemba katika sensa ya mwaka 2022. Basi msomaji aifikirie Pemba yenye lugha yake peke yake, isiyozungukwa na bahari bali iliyoshikana kwa nchi kavu na jirani mkubwa azungumzaye Kiingereza, na kila Mpemba aliye mtu mzima naye akakijua Kiingereza hicho kama akijuavyo cha mamaye. Kuzungumza Kiwelisi katika hali hiyo si lazima ya mtu yeyote. Kila asubuhi msemaji anaweza kukiacha, na duka, hospitali na mahakama zikamwelewa vile vile.

Swali la nafasi ya vyombo vya habari katika maisha ya lugha za wachache aghalabu hujibiwa kwa wepesi mno. Husemwa: ipewe lugha redio, ipewe na runinga, nayo itaishi. Wales ndiyo nchi ifaayo khasa kulipimia jawabu hilo, kwa kuwa ilipata vyote viwili, wala haikuvipata kwa kuomba peke yake.

Tarehe 13 Februari 1962, Saunders Lewis, mwandishi wa tamthilia aliyewahi kufungwa kwa kutia moto majengo ya kituo cha mafunzo ya mabomu huko Penyberth mwaka 1936, alisoma katika redio ya BBC mhadhara alioupa jina la Tynged yr Iaith, yaani majaaliwa ya lugha. Alisema kwamba mambo yakiendelea kama yalivyo, Kiwelisi kitakoma kuwa lugha hai mwanzoni mwa karne ya 21. Hakuwaomba wasikilizaji wake wahuzunike. Aliwataka waifanye iwe muhali serikali kuendesha kazi zake bila ya lugha hiyo. Mwaka ule ule ikaundwa jumuiya ya kupigania lugha, Cymdeithas yr Iaith Gymraeg, na vijana wake wakaanza kupaka rangi vibao vya barabarani vilivyoandikwa kwa Kiingereza peke yake, wakapanda minara ya kurushia matangazo, wakagoma kulipia leseni za runinga, na baadhi yao wakaingia jela. Redio iliyotangaza msiba ndiyo iliyowaamsha wafiwa. Na tusemo twa kuwa chombo cha mkubwa hakiwezi kubeba sauti ya mdogo hatuna la kujibu mbele ya tarehe hiyo.

Radio Cymru ilianza Januari 1977. Runinga ilikuja kwa taabu zaidi. Mwaka 1979 chama cha Conservative kiliahidi kituo cha runinga cha Kiwelisi, kisha, kilipokwisha kushika serikali, kikaibatilisha ahadi yake mwaka huo huo. Ndipo Gwynfor Evans, mbunge wa kwanza wa chama cha Plaid Cymru, mzee aliyekaribia miaka 70 na mtu wa amani maisha yake yote, alipotangaza kwamba ataanza kufunga kula tarehe 6 Oktoba 1980 na hatafungua mpaka kituo kipatikane au yeye afe. Tarehe 17 Septemba serikali ya Margaret Thatcher, ambayo haikujulikana kwa kurudi nyuma, ilirudi nyuma. Kituo kilichoitwa S4C kikafunguliwa tarehe 1 Novemba 1982, kikiwa na saa 22 za Kiwelisi kwa wiki na zilizobaki kwa Kiingereza, na hali hiyo ikaendelea mpaka runinga ya kidijitali ilipoingia na Kiingereza kikaondolewa kabisa.

Hiyo ni hadithi tamu, na kila kabila dogo duniani lina haki ya kuisimulia. Tatizo lake ni hesabu inayoifuata. Sensa ya 1961 ilikuta wasemaji wa Kiwelisi ni asilimia 26 ya watu wa Wales. Ya 1981, mwaka mmoja kabla ya S4C, asilimia 19. Ya 2001 ikakuta 20.8, watu wakashangilia. Ya 2011 ikarudi 19, na ya 2021 ikashuka hadi 17.8. Karibu miaka 40 ya runinga, na uwiano uko chini kuliko ulivyokuwa siku ilipofunguliwa. Hata ule mwinuko wa 2001 si runinga iliyouleta; uliletwa na skuli, kwani Kiwelisi kilikwisha kufanywa somo la lazima, na wengi wa walioongezeka walikuwa watoto. Mtoto wa skuli huhesabiwa kuwa msemaji na mzazi anayejaza fomu. Akishatoka skuli, akiwa na miaka 20 na mchumba asiyekijua, fomu hiyo haimfuati.

Wapo wanaozisoma takwimu hizo na kusema fedha zimetupwa. Kauli hiyo haina uadilifu, kwa sababu hakuna ajuaye hesabu ingekuwaje pasipokuwa na kituo. Unabii wa Saunders Lewis haukutimia, na hilo si jambo dogo. Lakini wanaojibu kwa kuorodhesha masaa ya matangazo nao hawajajibu. Saa ya matangazo ni kipimo cha kile kilichosemwa na chombo. Lugha huishi kwa kile anachosema msikilizaji baada ya kukizima.

Ukiyatazama yaliyotoka katika kioo cha S4C kwa jicho la mhakiki wala si la mhasibu, hapana budi kukiri kwamba yapo ya kujivunia. Katuni ya SuperTed, dubu mwenye nguvu za ajabu, iliuzwa kwa Disney katika miaka ya mwanzo tu ya kituo. Filamu ya Hedd Wyn ya mwaka 1992, iliyoongozwa na Paul Turner, ilikuwa ya kwanza ya Kiwelisi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Inamhusu Ellis Humphrey Evans, mchungaji wa kondoo wa Trawsfynydd, mshairi, aliyeuawa vitani Ubelgiji tarehe 31 Julai 1917. Wiki chache baadaye lakabu yake ya ushairi ikaitwa jukwaani katika Eisteddfod ya Taifa, tamasha kuu la fasihi ya Wales, ili aje akikalie kiti cha ushindi. Hakuwepo wa kujibu. Kiti kikafunikwa nguo nyeusi. Hakuna asiyeguswa na tukio hilo, na filamu imelichukua kwa staha. Hata hivyo kinachobaki machoni mwa mtazamaji ni ile nguo nyeusi. Shairi lililoshinda limekuwa sababu tu ya kiti kuwepo. Kamera haina pa kuuweka ushairi wa bahari ngumu. Inaweza kumwonyesha mshairi akitembea mlimani na kusogeza midomo, na zaidi ya hapo haiendi.

Y Gwyll, mchezo wa upelelezi ulioanza mwaka 2013, unaonyesha shida nyengine. Ulipigwa picha mara mbili, mara kwa Kiwelisi na mara kwa Kiingereza, waigizaji wale wale wakirudia tendo lile lile. Mipango ya fedha iliyataka hayo, na mchezo ukauzwa nchi nyingi. Umetengenezwa vizuri: mvua, matope, nyumba za mawe, watu wazito wa kusema. Lakini mchezo unaoweza kuvuliwa lugha yake usiku na kuvishwa nyengine asubuhi, pasipo na kitu kupunguka, umekwisha kukubali kwamba lugha ni vazi. Pobol y Cwm, mchezo wa mfululizo ulioanzishwa na BBC mwaka 1974, hauna fahari ya namna hiyo, nao umeisaidia lugha zaidi. Ni umbeya wa kijiji kimoja bondeni. Watu wanagombania shamba, wanaibiana wake, wananunua mkate, na yote hayo kwa Kiwelisi cha kusini kilichochanganyika na Kiingereza kama watu wanavyokichanganya. Mtoto aliyezoea kukisikia Kiwelisi kwa mwalimu na kwa mhubiri akakisikia kikitukanwa kwacho, akajua kwamba na yeye anaweza.

Lakini hata Pobol y Cwm humwacha mtazamaji amekaa. Hapo ndipo redio, chombo cha rahisi na cha zamani, ilipofanya jambo ambalo runinga na mamilioni yake haikuliweza, na ili lieleweke ni lazima kwanza kueleza ushairi wenyewe.

Kanuni kuu ya arudhi ya Wales huitwa cynghanedd, neno lenye maana ya mwafaka wa sauti. Mshairi wa Kiswahili hujifunga kwa mizani na vina. Wa Wales hujifunga pia kwa konsonanti. Katika aina moja ya mwafaka huo, mstari hukatwa vipande viwili, na konsonanti za kipande cha kwanza lazima zirudi katika cha pili kwa mpangilio ule ule, irabu zikibadilika. Kwa mfano wa haraka, usiodai kuwa ushairi: "pata mali, pita mle". P, t, m, l. Kisha tena p, t, m, l. Mstari wa cywydd una mizani saba tu, na katika mizani hizo saba mwafaka huo lazima ukamilike, mkazo ukae mahali pake, na maana isilemae. Englyn, shairi dogo, lina mizani 30 kwa jumla katika mistari minne, kumi, sita, saba na saba, na kila mstari una mwafaka wake, na yote minne ina kina kimoja. Mtu anaweza kuishi miaka mingi akitafuta englyn moja iliyo safi. Mengi ya mazuri yamechongwa makaburini.

Sanaa ya namna hiyo haitafsiriki. Maana yaweza kuvushwa mpaka, lakini mwafaka hufia njiani, kwa kuwa unakaa ndani ya konsonanti za lugha moja. Kwa hiyo ushairi huu haukubali kupigwa picha mara mbili. Anayetaka kuufaidi hana budi kuijua lugha, na anayetaka kuutunga hana budi kuijua hadi kwenye mifupa. Wales walikuwa na hofu, katikati ya karne ya 20, kwamba elimu hii itabaki kwa maprofesa na mashekhe wachache wa Eisteddfod. Mwaka 1976 ikaanzishwa jumuiya ya Barddas pamoja na jarida lake la jina hilo hilo, kwa ajili ya bahari za kale. Miaka mitatu baadaye ukaja uwanja wa majogoo.

Haukuzuka jangwani. Kabla yake palikuwa na shindano la redio lililoitwa Ymryson y Beirdd, na hakimu wake mashuhuri alikuwa Robert John Rowlands, mwandishi wa magazeti aliyejulikana kwa lakabu ya Meuryn. Alihukumu hata lakabu yake ikawa nomino ya kawaida: leo hakimu wa mashindano ya ushairi katika Kiwelisi, awe nani, huitwa meuryn. Lugha iliyopata neno jipya kutokana na kipindi cha redio, na neno lenyewe likawa la cheo cha mtu anayesema "hapa mwafaka umevunjika", imetoa ushahidi wake yenyewe.

Meuryn wa Talwrn kwa zaidi ya miaka 30 ya mwanzo alikuwa Gerallt Lloyd Owen, aliyefariki mwaka 2014. Mwaka 1972 alikuwa ametoa diwani ya Cerddi'r Cywilydd, mashairi ya aibu, baada ya mwana wa malkia wa Uingereza kutawazwa katika ngome ya Caernarfon mwaka 1969 na Wawelisi wengi kushangilia. Alikishinda kiti cha Eisteddfod mara mbili, mwaka 1975 na mwaka 1982, na mara ile ya pili kwa shairi linalomhusu Llywelyn, mkuu wa mwisho wa Wales huru, aliyeuawa miaka 700 kabla. Mtu huyu, aliyeliombolezea taifa lake vitabuni kwa machozi ya hasira, ndiye aliyekuwa akienda ukumbi kwa ukumbi, jioni kwa jioni, kumwambia mkulima na mwalimu wa skuli kwamba mstari wake wa tatu unachechemea. Pengine ndiyo maombolezo yake yaliyofaa zaidi. Tangu mwaka 2012 kazi hiyo imeshikwa na Ceri Wyn Jones, naye mshairi aliyekalia kiti.

Na si yote yanayotungwa ni mazito. Wamo katika shindano watungao mashairi ya kuchekesha ya mistari mitano, na nyimbo za kumtania jirani au waziri, na mara nyingi hadhira huzisubiri hizo kuliko kitu chengine. Ucheshi huo una kazi yake. Mshairi anayeogopa englyn huingia kwa mlango wa kichekesho. Akishaingia, timu humhitaji kwa jengine, akalazimika kujifunza. Darasa za kufundishia mwafaka hufanyika usiku vijijini na mijini, na anayehitimu ana pa kwenda kujaribia silaha zake. Fainali hufanywa Agosti, katika hema la fasihi kwenye Eisteddfod ya Taifa, nalo hujaa watu.

Siri ya kipindi hiki iko katika zile alama. Vipindi vingi vinavyokusudia kuhifadhi lugha huibusu lugha hiyo mkono. Huipongeza, huipamba, humwita mzee azungumze na mtangazaji amshukuru. Mzee huondoka na heshima yake, na kijana aliyesikiliza hakupewa la kufanya. Alama saba kati ya kumi humpa. Humwambia kwamba shairi lake limechukuliwa kwa uzito wa kutosha kupunguziwa alama tatu, kwamba kuna kanuni, kwamba kanuni zinajulikana, na kwamba wiki ijayo anaweza kupata nane. Hata msikilizaji aliye jikoni, asiyetunga kabisa, naye hutoa alama zake kabla ya meuryn na kubishana na redio. Lugha inayobishaniwa jikoni ina mambo ya kufanya mchana.

Kuna na faida nyengine ambayo haikukusudiwa. Kiwelisi cha kaskazini na cha kusini hupishana hata katika vitu vya kila siku: maziwa ni llefrith huku na llaeth kule, na neno la "sasa" ni rŵan kwa hawa na nawr kwa wale. Kabla ya redio, watu wa pande hizi mbili walikuwa wakikutana wakikimbilia Kiingereza kwa kuoneana haya. Uwanjani, kila mshairi huja na lahaja yake, kwa kuwa neno la kaskazini lina konsonanti zake na la kusini zake, na mwafaka unaopatikana kwa moja haupatikani kwa jengine. Lahaja ikawa mtaji.

Hapo msomaji wa mwambao ana la kujiuliza. Kiswahili si lugha ya wachache. Wasemaji wake hukisiwa kupita milioni 100, na tangu mwaka 2021 UNESCO imeitengea siku yake, tarehe 7 Julai. Lakini ndani ya lugha kubwa wamo wachache. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ikaanza kazi ya kukisimamia. Kiamu na Kimvita, zilizokuwa lugha za utenzi wa Mwana Kupona na mashairi ya Muyaka, zikawa "lahaja" kwa siku moja. Na hata Unguja na Pemba zenyewe, zilizodhaniwa zimeshinda, zina Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba, ambavyo katika matangazo aghalabu huingia kwa mlango wa vichekesho: mtu wa shamba amefika mjini, na lafudhi yake ndiyo mzaha wenyewe.

Ushairi ndio ulioinusuru lahaja hadharani. Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir ya mwaka 1971 na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla ya mwaka 1973 zimesomwa katika skuli na vyuo na watu ambao hawangethubutu kusema "mato" kwa macho au "ndoo" kwa njoo. Katika shairi, msomaji wa bara alizikubali na akazifungulia kamusi. Sheikh Ahmad Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka 2017, alikwenda mbali zaidi, akachota katika hazina ya lahaja za kaskazini ili aviitie vitu vipya. Neno runinga linanasibishwa naye. Kwa hiyo chombo kinachoshutumiwa kwa kuziua lahaja kimepewa jina na mshairi wa lahaja, na wengi walitamkao hawajui.

Wala haikuwa siku zote kwamba vyombo vya habari vya huku viliupa ushairi pongezi tupu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya watu wa pwani na wa bara, na kwa kurasa zake mtu wa mbali na bahari aliweza kujifunza urari wa mizani kwa kuona shairi lake limekubaliwa au halikukubaliwa. Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alizikusanya kanuni katika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Gazeti la serikali ya kikoloni lililokuwa na makusudio yake mengine likawa, bila ya kutaka, uwanja. Ikilinganishwa na hayo, saa ya mashairi redioni mara nyingi imekuwa saa ya kusoma na kushukuru: shairi limesomwa, mtunzi amepewa hongera, na taarab ikafuata.

Uwanja wa Wales nao una kasoro zake, na hazifai kufunikwa. Ni nyumba ya watu wanaojuana. Mgeni aliyejifunza Kiwelisi darasani, akaja kutoka mtaa wa Cardiff usio na ukumbi wa kijiji, husikia vicheko asivyovielewa. Bahari za kale zilikuwa kwa karne nyingi mali ya wanaume. Kiti cha Eisteddfod ya Taifa, ambacho mshindi wake hutakiwa kutunga kwa mwafaka, hakikukaliwa na mwanamke hata mmoja mpaka mwaka 2001, alipokikalia Mererid Hopwood. Yeye hakuzaliwa na mwafaka kinywani. Alijifunza akiwa mtu mzima, kwa darasa, na mwaka 2004 akaandika kitabu cha Kiingereza cha kuwaeleza kanuni hizo wasiojua Kiwelisi. Mlango uliokuwa umefungwa kwa jinsia ulifunguka kwa sababu kanuni ziliwekwa mezani, na kilicho mezani hakiulizi nani anakichukua.

Iko lugha ndugu ya Kiswahili ambayo hali yake ni ngumu kuliko ya Kiwelisi: Chimwini, lugha ya mji wa Barawa kusini mwa Somalia. Vita vilivyoanza mwaka 1991 vilitawanya watu wake hadi Mombasa, Uingereza na Marekani. Ilikuwa na washairi wakubwa, na mkubwa wao kwa sifa ni mwanamke, Dada Masiti, ambaye tenzi zake za dini zilikaa vifuani mwa wanawake na kusomwa nyumbani na katika hadhara kabla ya mtu kuzipiga chapa. Mwaka 2018 mkusanyiko mkubwa wa tenzi za Barawa ulichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kazi ya uangalifu iliyochukua miaka. Mjukuu wa Barawa aliyezaliwa ughaibuni anaweza sasa kuufungua ukurasa na kuyaona maneno ya bibi zake yamepangwa kwa usafi, Chimwini upande huu na Kiingereza upande ule. Akijua kusoma, atasoma. Mada, siku saba za kutunga, na mtu wa kumpa saba badala ya nane, hivyo kitabu hakina.